Ametoka Wodini, Sasa Tumlishe Vipi?

Maswali haya huja kutoka kwa wazazi wa Kisumu na vitongoji vyake: kijana alijinyima chakula hadi akalazwa, sasa yuko nyumbani. Madaktari huuita ugonjwa huo anoreksia. Mtaani wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, na majirani hunong'ona mengine.

Swali: Tumpakulie sahani mbili mbili arudishe mwili upesi?

Jibu: Hapo kwenye upesi ndipo penye hatari. Mwili uliokaa njaa wiki nyingi ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo maana wodini alitolewa damu mara kwa mara, chakula kikiongezwa kidogo kidogo. Nyumbani fuateni ratiba mliyopewa, kwa kawaida milo mitatu na vitafunio katikati: uji wa wimbi wenye maziwa, ugali na omena, chapati kwa ndengu, parachichi. Hakuna unga wa ajabu wa kununua. Akisema tumbo limejaa baada ya vijiko vitatu, msimwite mwongo. Tumbo lililozoea njaa huchelewa kusukuma chakula; litazoea tena.

Swali: Ana miaka 15. Si aamue mwenyewe ale nini?

Jibu: Bado. Tiba ya kifamilia iliyokuzwa katika hospitali ya Maudsley, London, humkabidhi mzazi sufuria kwanza: anapakua, anaketi naye hadi amalize, hafoki. Kijana akipata nguvu, anarudishiwa uamuzi polepole. Najua mama anayeuza samaki soko la Kibuye hatakuwa nyumbani saa saba mchana. Basi nyanya au shangazi aketi pale, naye aelezwe kinagaubaga amekalia kiti hicho kwa nini.

Swali: Uzito umerudi, lakini bado anajipima mapaja na kulia. Tumekosea wapi?

Jibu: Hamjakosea. Akili hupona ikiufuata mwili kwa mbali, pengine kwa miezi mingi. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Walianza kuota chakula, wakawa na huzuni na hasira, na hata waliporuhusiwa kula hawakutulia mara moja. Nao hawakuwa wasichana wa kujitazama kwenye kioo.

Swali: Hedhi haijarudi.

Jibu: Mrudisheni kwa daktari: hedhi ikikosekana mifupa huweza kudhoofika, na huu ndio umri wa kuijenga. Na ajue kwamba mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi haijaonekana.

Swali: Na bweni?

Jibu: Mimi ningemtafutia shule ya kutwa kwanza. Kwenye foleni ya bwalo hakuna anayeona ugali ukimwagwa. Akizirai, moyo ukidunda ovyo, au akisema amechoka kuishi, msingoje miadi: mkimbizeni hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo.

Swali: Jumamosi tuna matanga huko ushago. Twende naye?

Jibu: Nendeni, lakini pigeni simu mapema. Kwetu "umenona!" ni sifa, na mgonjwa aliyepona huambiwa hivyo kwa furaha tele. Kijana huyu atalisikia kama hukumu, na jioni sahani itarudi jikoni ilivyo. Waambieni akina shangazi wamuulize habari za masomo, wampe mtoto mchanga ambebe, wamtume maji. Mwili wake wauache.