Kilo zimeshuka, sasa mazoezi ya nini tena?

Watu wengi wanaamini ukishafika kilo ulizokuwa unazitaka basi kazi imeisha, na kama umeacha jimu ndo huna mazoezi kabisa. Hapana jamani. Mwili uliopungua unachoma nguvu kidogo kuliko zamani maana ni mwepesi, na njaa nayo huwa inazidi, kwa hiyo ukikaa tu kilo zinarudi polepole mpaka unashtukia nguo zinabana. Kule Marekani toka 1994 watafiti wanafuatilia watu waliopunguza kilo 13 na zaidi wakakaa hivyohivyo, na wengi wao wanajishughulisha kama saa 1 kwa siku, na zoezi kubwa ni kutembea. Kutembea tu! Tena si lazima iwe kwa mkupuo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliondoa lile sharti la kwamba lazima mazoezi yafike dakika 10 mfululizo ndo yahesabike. Kupanda ngazi, kudeki, kufua kwa mkono, kushuka kwenye basi kituo kimoja kabla, vyote vimo, ila uende mwendo wa kuhemahema kidogo sio kujikokota. Na msosi bado unauangalia, hilo halijabadilika.