Radi za Kabare na taa za wavuvi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya chai, nafungua picha za setilaiti. Natabiri hali ya hewa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lakini siangalii Bukavu kwanza. Naangalia Afrika nzima, kutoka Guinea hadi Msumbiji, kisha nashuka polepole mpaka Ziwa Kivu. Mvua ya kwetu haianzii kwetu peke yake, wala haiishii hapa.

Majirani wa Kadutu, hapa Bukavu, huniuliza: "Leo itanyesha?" Kati ya Septemba na Mei, hapa Kivu swali hilo halinisaidii sana, maana pahali fulani itanyesha tu. Mimi natafuta wingu litakalopiga radi, au kumwaga mvua ya mawe, au kuangusha upepo wa ghafla ziwani, na saa yake.

Dhoruba inataka unyevu mwingi chini, hewa ya juu iliyo baridi kiasi kwamba hewa ya joto ikianza kupanda haisimami, na kitu cha kuipandisha. Watabiri wa Marekani hutafuta pia upepo unaobadilisha nguvu na mwelekeo kadiri unavyopanda, kwa sababu ndio unaozungusha wingu na kuzaa tonado. Kwetu upepo huo mara nyingi ni dhaifu. Lakini kipandisho tunacho, tena cha kudumu: milima. Jua likipasha miteremko ya Kahuzi, kilele chenye mita 3,308, hewa yenye unyevu hukwea nayo, na kufikia saa nane mchana mawingu yamekwisha kusimama kama minara. Sehemu ya juu ya mawingu hayo inapopita kilomita tano hivi, maji huanza kuganda. Vipande vya barafu vikigongana ndani humo, vinagawana chaji, na hapo ndipo radi inapotoka.

Vipimo vya setilaiti vya miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013, viliiweka Kabare, hapa jirani kabisa, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, na ya tatu ni Kampene, mkoani Maniema, magharibi mwetu. Kabare na Kampene zikifuatana hivyo, mimi sishangai. Mawingu mengi yanayozaliwa mchana kwenye milima yetu huungana na kusafiri kuelekea magharibi, usiku yakawa juu ya msitu. Kwa hiyo mtabiri wa Maniema anayetaka kujua usiku wake aangalie jioni ya Kivu.

Ziwa lina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Hewa baridi huteremka kutoka milimani pande zote, ikikutana katikati inaisukuma juu ile hewa ya joto iliyo juu ya maji. Ziwa Victoria linajulikana kwa dhoruba za usiku za namna hiyo. Kivu ni dogo, lakini kanuni ni ileile, na saa hizo ndizo wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wako majini wamewasha taa.

Tangu Desemba 2022 iko angani setilaiti mpya ya Ulaya, Meteosat-12, yenye kamera inayoona miale ya radi juu ya Afrika usiku na mchana. Kwa bara lenye rada chache namna hii, ni jicho kubwa. Kwenye picha za joto natafuta kilele cha wingu kilichofika nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri: huko hewa inapanda kwa nguvu sana. Ila setilaiti haioni bonde. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope, wakafa watu zaidi ya 400. Tangu hapo siandiki tena "mvua kubwa" peke yake. Naandika kama hatari ni radi, upepo au mto.

Mzee mmoja mvuvi alinisomea kwenye simu ujumbe wangu mwenyewe wa utabiri, uliotaja uwezekano wa dhoruba kwa asilimia, akanirudishia: "Mwanangu, asilimia sitini nitaifanyia nini kwenye mtumbwi? Niambie nirudi saa ngapi." Sasa ujumbe wa saa tisa mchana unaanza na saa. Jana uliandikwa hivi: "Kuanzia saa sita usiku, upepo mkali na radi kati ya Idjwi na Kalehe. Msivuke."