Diazepamu haiongezi GABA

Nimechoka kusikia kwamba diazepamu, dawa ya kukata degedege na wasiwasi, "inaongeza GABA kichwani". Haiongezi hata chembe ya GABA, kemikali ya ubongo inayozuia seli za neva zisichochewe kupita kiasi. Hushika kipokezi cha GABA-A pembeni, na kufanya mlango wa kloraidi (chembe zenye chaji hasi, ambazo kwa kawaida huingia na kuituliza seli) ufunguke mara nyingi zaidi GABA inapofika. GABA isipofika, diazepamu imekaa bure.

Vidonge vya GABA vya mtandaoni pia viacheni. Hupenya kwa shida sana kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Seli ya neva hujitengenezea yenyewe kutoka kwenye glutamati: asidi amino inayochochea hupokonywa kundi moja la kaboksili, ikawa GABA inayozuia. Kimeng'enya cha kazi hiyo, GAD, hakiendi bila vitamini B6.

Hapo ndipo kosa hili la kudhani diazepamu inaongeza GABA linapoua. Isoniazidi, dawa ya TB iliyomo ndani ya nyumba nyingi Afrika Mashariki, ikimezwa nyingi kwa mkupuo huikamata B6. GAD inakwama, glutamati inabaki, GABA inakauka, na degedege linaanza lisikatike. Mgonjwa anachomwa diazepamu, wapi; anaongezewa, na kinachokatika ni pumzi. Anachohitaji ni pairidoksini, yaani B6 yenyewe, ya mshipa, gramu kwa gramu ya isoniazidi aliyomeza. Kiasi kisipojulikana, mtu mzima apewe gramu 5. Mtoto, miligramu 70 kwa kilo, isizidi gramu 5. Diazepamu itolewe sambamba, maana sasa itapata GABA ya kufanyia kazi. Tatizo ni kabati: gramu 5 ni ampuli 50 za miligramu 100. Zisipokuwepo, sagani vidonge vya B6, mvipitishe kwenye mrija wa pua. Na miligramu 25 za kila siku anazopewa mgonjwa wa TB ni za kukinga neva; hazimwokoi aliyezidisha dozi.

Hata kusema GABA "hutuliza" kuna mipaka. Inafungua mlango tu. Kloraidi iliyojaa ndani ya seli itatoka, na seli itachochewa. Ndivyo inavyoelezwa kwa vichanga, ambao fenobabitali, dawa ya degedege inayoitegemea GABA vilevile, mara nyingi huwashindwa. Mimi nasita: ushahidi mwingi umetoka kwenye vipande vya ubongo wa panya na wanyama wa jamii yao, na jaribio la bumetanidi, dawa ya kupunguza kloraidi ndani ya seli, kwa vichanga huko Ulaya lilisimamishwa, faida haikuonekana na baadhi yao walipoteza usikivu.

Kwa kichanga ambaye degedege limegoma dawa zote, msisahau B6 hiyo hiyo: miligramu 100 kwa mshipa, mashine ya kupumulia ikiwa karibu, kwa sababu anaweza kuacha kupumua papo hapo.