Je, Wajua Kwa Nini Rekodi ya Televisheni Haipungui kwa Kuitwa MP4?

Kipindi cha saa 1 kilichorekodiwa kwenye king'amuzi kwa megabiti 4 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1.8. Mara nyingi faili huishia na .ts, na kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, rekodi ndefu hukatwa vipande, kwa sababu mfumo huo haupokei faili linalofika gigabaiti 4. Mwenye kutaka kuhifadhi msimu mzima wa tamthilia huambiwa haraka: "Badilisha iwe MP4, itapungua." Wengi hufanya hivyo, faili likapungua kweli, na hapo ndipo imani potofu inapojijenga, kwa sababu kilichopunguza faili si MP4.

MP4 ni kasha. TS nayo ni kasha. Kasha hubeba video, sauti, manukuu na muda wa kuvioanisha, lakini haliamui picha zimebanwa vipi. Kubana ni kazi ya kodeki, yaani kanuni ya kubana picha na kuzifumbua tena, na zinazokutwa sana ni MPEG-2 ya mwaka 1995, H.264 ya 2003 na H.265 ya 2013. MP4 inaweza kubeba video ya MPEG-2 vilevile ilivyokuwa ndani ya TS. Ukitaka kuthibitisha, tumia FFmpeg, programu ya bure, uhamishe rekodi bila kugusa picha:

ffmpeg -i rekodi.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy rekodi.mp4

Kazi itaisha baada ya muda mfupi sana, na faili jipya litakuwa karibu sawa na la zamani. Tofauti ndogo utakayoiona ina asili yake. TS hukata kila kitu kuwa paketi za baiti 188, na angalau baiti 4 za kila paketi ni utambulisho tu, yaani kama asilimia 2. Kila paketi huanza na baiti ileile moja, ili kipokezi kilichopotezwa na mawimbi mabovu kijue pa kushika tena. Ni ufundi mzuri sana kwa kitu kinachorushwa hewani, ila kwenye diski hauna kazi kubwa.

Kubadili jina la faili kutoka .ts kwenda .mp4 hakufanyi hata hilo. Linacheza vizuri kwa sababu programu nyingi za video hukagua yaliyomo na kulipuuza jina, na mtu huondoka akiamini amebadilisha kitu. Kulifunga kwa ZIP nako hakusaidii, maana marudio ambayo ZIP huyatafuta yameshaondolewa na kodeki. Lipo pia kosa la upande wa pili: kudhani kwamba faili likishuka kutoka gigabaiti 1.8 hadi 0.8, basi zaidi ya nusu ya ubora imetupwa. Hilo halifuati. Picha ya 720 kwa 576 ambayo haijabanwa kabisa huchukua baiti 622,080. Zipange 25 kwa sekunde na saa 1 itafika gigabaiti 56 hivi. Rekodi yako ya gigabaiti 1.8 ilikwisha kubanwa mara 31 kabla haijafika kwako, na bado uliitazama bila shida.

Basi kinachopunguza ni nini? Chukua mtu aliye upande wa pili wa simu, mwenye samani sawa na zako, na kazi yako ni kumwelekeza ili chumba chake kifanane na chako wakati wote. Mara ya kwanza hakuna njia ya mkato: unataja kila kitu na mahali pake. Hiyo ni fremu (picha moja ya video) kamili, inayoitwa I. Kiti kikisogezwa, huanzi upya. Unasema, "Vyote palepale, ila kiti kisogeze hatua mbili kushoto." Hiyo ni fremu P. Ukijua pia chumba kitakavyokuwa muda mfupi ujao, unaweza kusema meza iko katikati ya ilipokuwa na itakapokuwa, na hiyo ni fremu B. Kiti kikishasogea, huenda kivuli chake kimebadilika, kwa hiyo unaongeza masahihisho: "Mguu wa kulia uwe mweusi kidogo." Kadiri agizo la kusogeza linavyolenga vizuri, ndivyo masahihisho yanavyopungua, na biti nazo zinapungua.

MPEG-2 hutoa maagizo hayo kwa mafungu makubwa: kwa kawaida husogeza kipande cha pikseli 16 kwa 16, kwa usahihi wa nusu pikseli. H.264 hugawa kipande hicho hadi 4 kwa 4, kwa usahihi wa robo pikseli, na inaweza kurejea hadi picha 16 zilizopita ikitafuta inayofanana zaidi. Kwa maneno ya chumba chetu, inaweza kusogeza kikombe bila kusogeza meza. H.265 huongeza na upande wa pili: vipande hadi 64 kwa 64, ili ukuta mzima ambao haujabadilika utajwe mara moja.

Sehemu inayovutia kuliko zote haihusu umri wa kodeki. Kituo cha televisheni hakijui mtazamaji ataingia saa ngapi. Anayebadili chaneli hawezi kuona kitu mpaka fremu kamili ifike, kwa hiyo matangazo ya MPEG-2 hurudia fremu kamili kila baada ya nusu sekunde hivi. Chumba kizima kinaelezwa upya, kila mara, kwa ajili ya msikilizaji aliyeinua simu sasa hivi. Faili la nyumbani halina mgeni wa namna hiyo. Programu ya x264, inayobana kwa H.264, isipobadilishiwa mpangilio, huacha hadi fremu 250 kati ya fremu kamili, yaani sekunde 10, isipokuwa tukio likibadilika ghafla. Tena, kituo lazima kibane papo kwa papo, wakati kompyuta yako inaweza kukesha usiku kucha ikipima kila njia.

Kwa hesabu ya jumla, H.264 huhitaji kama nusu ya biti za MPEG-2 kwa ubora unaokaribiana. Usiichukue kama ahadi. Mvua, umati uwanjani, maji yanayotapakaa na chengachenga za kamera gizani havisogei kwa mpangilio, kwa hiyo masahihisho huwa mengi kwa kodeki yoyote. Na chaneli nyingi za dijitali siku hizi hurushwa zikiwa tayari ni H.264. Ukiibana H.264 upya kwa H.264, faida huwa ndogo na madoa huongezeka. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kufungua rekodi kwa MediaInfo, programu inayoonyesha faili limeundwaje, na kusoma kodeki, ukubwa wa picha, na kama mistari ni ya kupishana (interlaced). Kama king'amuzi kimeifunga rekodi kwa msimbo ili ichezwe kwenye kifaa hichohicho tu, mpangilio wowote wa kubana hautasaidia.

Hatua ya pili ni kukata matangazo ya biashara. Dakika 15 ndani ya saa 1 ni robo ya faili, na hakuna kodeki inayokupa robo bila gharama ya ubora. Programu ya LosslessCut hukata bila kubana upya, lakini mkato salama huanzia kwenye fremu kamili, kwa hiyo kubali sekunde chache za ziada.

Kisha ubane:

ffmpeg -i rekodi.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf bwdif=mode=send_frame -c:v libx264 -crf 21 -preset slow -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart kipindi.mp4

CRF ndiyo inayoamua ubora. 20 hadi 22 hufaa kwa rekodi nyingi, na kila ukiongeza 6 faili hushuka hadi karibu nusu. Kwa x265, programu inayobana kwa H.265, namba hizo haziendi sawa: mpangilio wake wa kawaida ni 28, wakati wa x264 ni 23. Kipande cha bwdif huunganisha mistari ya kupishana. Katika mfumo wa 50 Hz, kila fremu ya mistari 576 ina nusu mbili za mistari 288, zilizonaswa kwa tofauti ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Ukibana bila kuziunganisha, mkono unaopunga huonekana kama meno ya kitana, na kodeki hutumia biti nyingi kuyahifadhi hayo meno. Kwa mpira au riadha, weka send_field mahali pa send_frame upate fremu 50 kwa sekunde. Kama rekodi haina mistari ya kupishana, iondoe -vf yote.

Programu ya HandBrake hufanya kazi hiyohiyo kwa vitufe, ambapo RF ndiyo CRF. Chipu ya kadi ya michoro hubana kwa kasi zaidi, lakini kwa ubora uleule faili lake kwa kawaida huwa kubwa zaidi.

Yanayoharibika mara kwa mara yanajulikana. Nyuso zikionekana nyembamba na ndefu, uwiano wa picha umepotea: 720 kwa 576 ya 16:9 inatakiwa ionyeshwe kama 1024 kwa 576. Manukuu ya DVB, mfumo wa matangazo ya dijitali, ni picha, na MP4 haiyapokei, kwa hiyo tumia kasha la MKV ukiyataka. Midomo ikipishana na sauti baada ya mahali mawimbi yalipokatika, ongeza -af aresample=async=1.

Kabla ya kubana rekodi nzima, jaribu dakika 2 zenye purukushani kwa kuweka -ss 00:10:00 -t 120 kabla ya -i. Faili kamili likitoka, litazame mwanzoni, katikati na mwishoni, ukikagua midomo na sauti, ndipo ufute rekodi ya awali. Ukiona CRF haikufaa, rudi kwenye .ts yenyewe, kubana tena MP4 uliyoibana huongeza madoa juu ya madoa.