Paka wako hakukomoi: yanayosemwa kuhusu paka kukojoa nje ya boksi, na ukweli wake

Mtu akisema tu paka wake kakojoa kwenye kochi, ushauri unamiminika hapo hapo, na mwingi si wa kweli. Ubaya ni kwamba anayeumia kwa ushauri huo ni paka, hawezi kujitetea, na wapo wanaofukuzwa nyumbani kabisa kwa jambo ambalo lingeisha kwa kipimo cha mkojo na boksi la pili la mchanga, yaani choo chake cha ndani. Haya ndo ninayoyasikia sana.

"Anafanya makusudi, ananikomoa kwa sababu nilisafiri"

Hii ndo inaongoza kwa madhara. Unarudi safari unakuta mkojo kitandani, upande wako kabisa, moyoni unasema huyu kanilipizia. Lakini kulipiza kisasi kunataka akumbuke ulichomkosea, apange, ajue ni kitu gani kitakuuma zaidi, na hakuna ushahidi kwamba paka anawaza hivyo. Kilichotokea ni kwamba ulivyoondoka maisha yake yalivurugika, chakula kilikuja saa zingine, aliingia mtu asiyemzoea, labda boksi halikusafishwa siku kadhaa, akapata stresi. Na kitanda ni laini, kinanyonya mkojo haraka, kwake hapo panafaa kabisa.

Ukishaamini anakukomoa ndo inakuja adhabu, kumsugua pua kwenye mkojo, kumchapa, kumfungia nje. Jamani acheni. Paka haunganishi kipigo cha saa hii na mkojo wa asubuhi, anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, basi ataanza kujificha nyuma ya kabati akojoe huko usikoona, stresi inapanda, na stresi ni moja ya vitu vinavyoleta tatizo lenyewe.

"Haumwi huyo, si anakula vizuri tu"

Paka ni fundi wa kuficha maumivu, anaweza kula na kucheza huku kibofu kinamuwaka. Ndiyo maana paka aliyekuwa anatumia boksi vizuri halafu akaacha ghafla, cha kwanza ni daktari wa mifugo, mambo ya tabia baadaye. Inaweza kuwa mawe ya kibofu, kisukari, figo, tezi ya thairoidi, hata maumivu ya viungo. Ukiona madimbwi makubwa na anakunywa maji kuliko zamani, fikiria figo na kisukari. Ukiona vitone vidogo vidogo sehemu nyingi, vingine vina damu, fikiria kibofu. Akikojoa boksini ikamuuma, ataamini boksi ndo linamuumiza, atatafuta sehemu nyingine, na anaweza kuendelea kulikwepa hata akishapona.

Hapo kwenye kibofu kuna dhana nyingine, kwamba ni UTI tu mpe antibayotiki. Kwa paka wa chini ya miaka 10 mara nyingi bakteria hawapo kabisa, kibofu kimevimba bila maambukizi na stresi ina mchango mkubwa. Bakteria huonekana zaidi kwa paka wazee. Sasa angalia mtego ulipo, uvimbe huo mara nyingi unatulia wenyewe ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo chochote utakachompa siku hizo utaona kimemponya, utawashauri na wenzako, na mwezi ujao tatizo linarudi kwa sababu chanzo hakikuguswa. Kinachosaidia kweli ni maji mengi mwilini (chakula chenye majimaji kina kazi kubwa hapa), ratiba isiyobadilika badilika, sehemu ya kujificha, na kucheza naye kila siku.

Na usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli ni sumu kwa paka, ini lake haliwezi kuivunja kama letu, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

"Anajikamua boksini, hiyo ni choo kigumu tu"

Hii naomba uisome taratibu, hasa kama una dume. Anaingia boksini, anachuchumaa muda mrefu, mgongo kaukunja, analia sauti ambayo hujaizoea, hakuna kitu au tone moja tu, anatoka, anajilamba chini, dakika chache anarudi tena. Watu wanaona hana choo, wanampa mafuta anywe wanasubiri kesho. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, ukiziba mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unaweza kusimama, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya siku 1 hadi 2. Akianza kutapika na kulegea ujue muda umeenda. Hii si ya kusubiri kukuche, mpeleke hata kama ni usiku wa manane, na usimminye tumbo maana kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.

"Boksi lipo, mchanga upo, anataka nini tena?"

Anataka boksi linalomfaa yeye, si linalokufaa wewe. Mengi ni madogo, paka hawezi hata kugeuka. Linatakiwa liwe na urefu kama mara moja na nusu ya mwili wake, kuanzia puani hadi mkia unapoanzia. Idadi ni paka ulionao jumlisha moja, wawili maboksi 3, na usiyapange yote kwenye kona moja maana kwao hilo ni kama boksi moja, na paka mbabe anaweza kukaa mlangoni akamzuia mwenzake bila hata kupigana, wewe unaona kalala tu.

Boksi lenye kifuniko linapendwa na watu kwa sababu linaficha harufu, lakini harufu hiyo haijaisha, imefungiwa ndani na paka. Mchanga wenye manukato nao hivyo hivyo, paka wengi hawautaki, chukua usio na harufu, laini, unaoganda ukilowa. Mtazame anavyoingia. Akisimama juu ya kingo miguu isiguse mchanga, akikung'uta vidole, akitoka mbio bila kufukia, huyo hapapendi hapo. Zoa uchafu kila siku, na boksi lisikae pembeni ya bakuli la chakula wala karibu na mashine ya kufulia.

"Mhasi tu, ataacha"

Inategemea anafanya nini. Kama anasimama wima, mkia juu unatetemeka, anarusha mkojo kidogo ukutani au kwenye pazia, huko ni kuweka alama. Kama anachuchumaa anaacha dimbwi sakafuni, huo ni mkojo wa kawaida na kuhasi peke yake hakutatui. Kuhasi kunapunguza sana kuweka alama lakini si dawa ya asilimia 100, karibu dume 1 kati ya 10 waliohasiwa bado wanarusha, na majike nao wapo, wachache zaidi. Mara nyingi kisa ni paka wa nje anayepita dirishani, ziba sehemu ya chini ya dirisha asimuone uangalie kama kuna mabadiliko.

"Safisha na dawa kali harufu iishe"

Dawa yenye amonia inanukia kama mkojo, unakuwa unampa sababu ya kurudi pale pale. Ya klorini ikikutana na mkojo inatoa hewa ya sumu, inachoma macho na kifua, chako na chake. Tumia dawa yenye vimeng'enya (enzymes), hiyo inavunja mkojo wenyewe, iache ilowe hadi chini kwenye sponji la kochi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usiifute haraka. Madoa ya zamani usiyoyaona, zima taa usiku umulike na tochi ya UV, yatang'aa.

"Mzee huyo, kasahau tu"

Wapo wanaochanganyikiwa uzeeni, ni kweli, ila kabla ya kusema hivyo angalia kama anaweza kupanda kingo ya boksi. Magoti na nyonga zikiuma, kingo ya sentimita 20 ni mlima. Kata upande mmoja uwe chini, muwekee boksi lingine karibu na anapolala, kama nyumba ina ngazi liwepo juu na chini, halafu umwombe daktari apime figo, thairoidi na viungo.