Mwanamke mhalifu na jina la "saikopathi": yanayosemwa na yalivyo

Mwanamke akikamatwa kwa kumuua mume, iwe Igoma au Nyakato hapa Mwanza, kabla ya jioni mtaa umeshampa jina: saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto, anayetumia wengine kwa hila. Kosa moja, hata liwe la kutisha vipi, halitoshi kumwita mtu hivyo. Orodha ya kupimia hali hiyo inayotumika zaidi ni ya mwanasaikolojia Robert Hare wa Kanada: vipengele 20, kila kimoja alama 0, 1 au 2, jumla 40. Mstari wa kuitwa saikopathi ni 30, ingawa Ulaya wengi hushuka hadi 25. Mahojiano peke yake hayatoshi. Lazima jalada lisomwe, na ndugu waulizwe inapowezekana, maana mtu wa namna hii hudanganya bila kupepesa macho. Anayempima mtu kwa video ya WhatsApp anabahatisha.

"Wanawake hawana hiyo kitu." Wapo, ila wachache. Utafiti wa magereza ya Uingereza na Wales uliochapishwa 2009 ulikuta asilimia 7.7 ya wafungwa wanaume na 1.9 ya wanawake. Orodha yenyewe iliundwa kwa kuwatazama wafungwa wanaume, hivyo vipengele kama uhalifu wa ujanani huwapita wanawake wengi. Kwao mara nyingi si ngumi: ni machozi ya kupanga, vitisho vya kujidhuru, kugombanisha watu, kujinufaisha kupitia mapenzi na undugu.

Chukua kijumbe, mshika hela wa mchezo wa kuchangiana, pale mwaloni Kirumba anayetoweka na hela za wachuuzi wa dagaa. Huo ni wizi, basi. Mtaalamu hushtuka akikuta mtindo uleule tangu shuleni, kazini na kwenye ndoa, watoto wametupwa kwa bibi yao wala hawaulizwi hali, na kila safari mwenye kosa ni mwingine.

"Ni kichaa." Hapana, saikopathi hasikii sauti zisizokuwepo, anajua anachofanya, kwa hiyo hali hiyo haimpi utetezi wa wazimu. Mama aliyeua kichanga chake ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhusu aliyeua mwanawe wa chini ya miezi 12 huku akili imevurugika kwa sababu hajapona athari za kujifungua, naye huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia.

Na wanaosema macho humfichua mtu? Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Macho makavu kizimbani nayo hayathibitishi kitu: mshtuko na miaka ya kupigwa humkausha mtu vilevile.