Kabla ya kukutana na wakili wa talaka kwa mara ya kwanza

Mazungumzo ya kwanza na wakili wa talaka aghalabu huchukua saa moja au pungufu. Mteja asiyejiandaa huimaliza saa hiyo akitafuta tarehe kichwani na kusimulia ugomvi wa mwisho, na ushauri aliokuja kuutafuta hubaki dakika chache za mlangoni. Uchungu wake ni wa kweli na una haki ya kusikilizwa. Lakini wakili hawezi kuufanyia kazi mpaka ajue nani alinunua nini, lini, na kwa jina la nani.

Unapopiga simu kuomba miadi, taja jina kamili la mwenzi wako. Ofisi ya wakili inapaswa kuhakikisha haimtetei yeye wala kampuni yake. Mgongano wa maslahi ukigundulika katikati ya kesi, wakili hulazimika kujitoa nawe ukaanza upya. Kama umeshapokea nyaraka za mahakama, sema hapo hapo kwenye simu. Muda wa kujibu kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu siku ulipokabidhiwa, na ukipita, kesi inaweza kusikilizwa bila upande wako. Tunza na bahasha yake, na tarehe ya kupokea iandike kwenye karatasi nyingine, si juu ya nyaraka zenyewe.

Andaa ukurasa mmoja wa historia, usizidi: tarehe na mahali mlipofunga ndoa, ndoa ilikuwa ya dini, ya kimila au ya serikali, mlianza lini kuishi pamoja, mlitengana lini, watoto na tarehe zao za kuzaliwa, na kila mmoja anaishi wapi sasa. Makazi huweza kuamua kesi ifunguliwe mahakama ipi. Ambatisha nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kazi kubwa iko kwenye mali. Kwa kila kitu chenye thamani, andika mambo matano: kilipatikana lini, kwa fedha za nani, kiko kwa jina la nani, hati iko wapi, na kinadaiwa kiasi gani. Mfano: “Kiwanja. Kilinunuliwa Machi 2016, miaka miwili baada ya ndoa. Fedha: akiba yangu na mkopo wa mume. Hati ina jina lake, iko benki. Marejesho yamebaki miezi 14.” Mistari hiyo michache humpa wakili mengi kuliko nusu saa ya maelezo. Mali ya kabla ya ndoa, urithi na zawadi mara nyingi haviwekwi fungu moja na mali mliyochuma pamoja. Panapoleta mvutano zaidi ni nyumba aliyokuja nayo mmoja, kisha wote wawili wakaiongeza vyumba na kuikarabati. Hapo risiti za vifaa na malipo ya mafundi ni ushahidi, hata zikiwa zimefifia. Na kama hukuwa na mshahara, usijiondoe kwenye hesabu: sheria za nchi nyingi huthamini kazi za nyumbani na malezi kama mchango.

Madeni nayo yaorodheshwe, hasa yale uliyosaini kama mdhamini au mkopaji mwenza. Wengi hapa huumia. Mahakama inaweza kuagiza mwenzako alipe, lakini benki haikuwa sehemu ya talaka yenu. Asipolipa, itakufuata wewe.

Ongeza hati za mshahara za miezi michache na taarifa za akaunti na miamala ya simu za miezi 12, pamoja na bajeti halisi ya mwezi: kodi, ada za shule, chakula, dawa. Bila hiyo, madai ya matunzo hubaki makisio.

Piga picha hati mnazomiliki pamoja, ila usizifiche. Usifungue simu au barua pepe ya mwenzako kwa kubahatisha nywila. Inaweza kuwa kosa la jinai na kuharibu ushahidi wako. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuaibisha, wala usihamishe mali kwa jina la ndugu. Mwenyewe fungua anwani mpya ya barua pepe, maana kifaa mnachotumia wote kinaweza kuonyesha miadi yako kwenye skrini.

Dada au rafiki akusindikize, lakini asubiri nje hadi wakili aseme vinginevyo. Mtu wa tatu ndani ya chumba anaweza kudhoofisha usiri kati yako na wakili. Watoto wabaki na mtu unayemwamini.

Kama kuna kipigo au vitisho, liwe jambo la kwanza kusema. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi mapema, kabla talaka haijaamuliwa. Beba taarifa za polisi na za hospitali kama zipo. Ukiwa hatarini leo, usisubiri miadi.

Kuhusu ada, uliza kama unalipia kwa saa au kwa kazi nzima, nini hakimo ndani yake, kwa mfano ada za mahakama au mthamini wa mali, na nani hasa atashika faili lako. Makubaliano yawe ya maandishi. Anayekuhakikishia ushindi kabla hajasoma hati hata moja, mwogope. Kabla hujainuka, muulize wiki hii ufanye nini na usifanye nini, kisha andika majibu yake ukiwa bado umekaa.